Aliyempumulia Mkwe Wake

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, kabla sijafungua hata dirisha la kutolea dawa, Mama Navalayo huwa ameshaketi kwenye benchi la mbele, kadi yake ya presha imekunjwa ndani ya Biblia. Kitambulisho chake kinasema ana miaka sitini na mmoja. Mwenyewe hudai karani aliyemwandikisha alikuwa na njaa siku hiyo, akamwongezea mitatu ili amalize haraka. Ni mfupi, mpana wa mabega, na kitu cha kwanza mtu anachokiona kwake ni mikono, maana amekamua ng'ombe asubuhi na jioni tangu akiwa msichana. Maziwa yake huyauza Malava. Nikipita mbele ya benchi bila kumsalimu, atasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hawa watu wa Mumias wakisoma wanasahaunga hata mulembe."

Mtu wa Mumias ni mimi, Ismail, afisa wa kliniki katika kituo kidogo cha afya upande wa Kabras. Watu huniita daktari na nilishachoka kuwakosoa. Zamani nilisomea pia dawa za usingizi, ile kazi ya kumlaza mgonjwa ili apasuliwe bila kujua lolote. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayosimulia.

Mama Navalayo alizaa watoto wanane na kuzika watatu. Kitindamimba wake ni Nekesa, na huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho. Nekesa aliolewa akiwa na miaka ishirini na Chrispinus, kijana mkata miwa, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Mama hakumchukia kijana. Alichokichukia ni ile safari aliyoijua yeye mwenyewe, ya kubeba mimba juu ya mimba na kuchimba makaburi madogo nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mwezi wa pili tu baada ya harusi, alimleta binti yake kwangu kwa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Nekesa alikuwa mtu mzima, akakubali kwa mdomo wake mwenyewe, nami nikamdunga. Tangu hapo alikuwa akija Jumanne za presha, eti anamsindikiza mama. Kadi yake ilibaki kwenye droo yangu ili isionekane nyumbani.

Mambo hayo yalikwenda hivyo kwa miaka sita. Kijijini kwao Chrispinus alikuwa amegeuka kichekesho. Ndugu zake walimtania kwenye matanga, mbele ya watu, naye akacheka nao kwa mabega yake yale. Alikunywa majani machungu ya waganga wawili na kuombewa kwenye mikutano ya injili. Mwaka mmoja kabla ya hili ninalosimulia, alikuja kwangu peke yake, akazungusha kofia mkononi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kasoro ni yake. Siri ya mgonjwa ni siri, na Nekesa alikuwa mgonjwa wangu. Nilimwambia, "Nyinyi bado vijana, Chrispinus. Vumilia." Akaniamini, akaenda zake.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Kwa Waluhya, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawaketi karibu, wala hawatazamani usoni. Wako wanaolegeza siku hizi, hasa wa mjini. Mama Navalayo hakulegeza hata nukta. Akimwona Chrispinus anakuja njiani, alikuwa akijitosa kwenye miwa ya watu na kusubiri apite. Siku moja alisubiri huko mpaka mwenye shamba akamfokea akidhani ni mwizi. Katika miaka sita hakuwahi kumwita kijana yule kwa jina.

Jumanne ya Machi mwaka jana, saa nne asubuhi, pikipiki iliingia uani kwa kasi hadi karibu na mlango. Chrispinus alikuwa katikati, amebanwa kati ya dereva na mkataji mwenzake, Osiako. Nyoka mweusi alikuwa amemuuma kwenye kifundo cha mguu, ndani ya miwa. Kope zilikuwa zimeshuka, mate yanamtoka, na shingo imelegea. Alijaribu kuniambia kitu, sauti ikatoka puani.

Sumu ya nyoka wa aina hiyo hulegeza misuli. Huanza na kope, hushuka kooni, mwishowe kifua nacho kinaacha kazi. Moyo unabaki unapiga kama kawaida. Mgonjwa akipumuliwa kwa saa au siku kadhaa hadi sumu iishe nguvu, ataamka na kwenda nyumbani kwa miguu yake. Asipopumuliwa, dakika tano zinatosha kummaliza. Dawa ya sumu na mashine ya kupumulia vilikuwa Kakamega mjini, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Ambulensi ilikuwa imetoka alfajiri na mgonjwa mwingine. Nilimpigia dereva, akasema saa moja na nusu, labda zaidi, kwa sababu trekta za miwa zimejaa barabarani. Niliwapigia wa ICU pia. Daktari wa zamu akasema kitanda kipo, nimlete akiwa hai. Kana kwamba nilikuwa na mpango wa kumleta vinginevyo.

Nikamwingiza mpira kooni, nikaufunga kwa plasta, nikaunganisha mfuko wa kupumulishia, ambao sisi huuita ambu. Ni mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono. Ukibana, hewa inaingia kifuani, ukiachia, inatoka. Rangi ya midomo yake ikarudi. Nikabana nusu saa nzima nikihesabu kimoyomoyo, nikajiambia tutafika.

Ndipo Muuguzi Awinja akaniita kutoka chumba cha uzazi, ambacho kimetenganishwa na chumba tulichokuwemo kwa pazia tu. Mama aliyekuwa akijifungua, mtoto alikuwa ametanguliza matako na amekwama. Awinja ni mtu wa kazi, haiti ovyo. Aliniita mara ya pili, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilimpa Osiako ambu. Alibana kwa nguvu na haraka kana kwamba yuko shambani na panga, huku machozi yakimtiririka, hewa ikawa inaingia bila nafasi ya kutoka. Nikamnyang'anya. Benchi la presha lilikuwa na wazee watatu ambao hata kalamu inawashinda kushika. Na nje ya mlango, uso ukiwa ukutani na mgongo kwetu, alikuwa amesimama Mama Navalayo.

"Mama Nekesa, ingia!" nikamwita.

"Siwezi kuingia. Huyo ni mkwe wangu, na mumemvua shati."

"Mama, ukikaa huko nje na heshima zako, hapa ndani utapata maiti ya mkwe."

Nilimfokea hivyo mama wa umri wa mama yangu, mbele ya watu. Alifungua leso kiunoni, akaingia kinyumenyume, ndiyo, kinyumenyume hadi kitandani, akamfunika kijana kutoka mabegani hadi miguuni kwa kupapasa. Kisha akageuka.

"Nionyeshe."

"Bana. Achia. Hesabu mpaka nne. Bana tena. Usiongeze, usipunguze."

Alijaribu mara mbili tatu, kifua kikapanda na kushuka vizuri kuliko nilivyokuwa nikifanya mimi. "Hii ni kukamua tu," akasema. "Ni vile hakuna ndoo."

Nikamtuma Osiako barabarani awaombe madereva wa trekta waipishe ambulensi. Nami nikakimbilia nyuma ya pazia. Kabati la dawa lilikuwa hatua mbili kutoka kitandani, ufunguo wake unaning'inia shingoni mwangu, na ndani mlikuwa na chupa mbili za diazepam, dawa ya kumlaza mgonjwa. Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa katika kazi ya usingizi ni kwamba mtu aliyelegea misuli si mtu aliyelala. Hawezi kufumbua jicho wala kutikisa kidole, lakini yupo, na anasikia kila kitu. Unamlaza kwanza, ndipo unafanya mengine. Mimi, niliyesomea kulaza watu, nilipita mbele ya kabati lile bila kulikumbuka.

Nikiwa nimeshika miguu ya mtoto, nikasikia upande wa pili kimya. Nikaogopa amechoka, kwa sababu mikono ya mtu aliyenyamaza husinzia.

"Mama, usinyamaze! Ongea naye! Mkono utafuata mdomo!"

Alianza kwa kuhesabu. Kisha akaimba wimbo wa kanisani, akafika ubeti wa pili akausahau. Kisha akaanza kuongea, kwa Kikabras, polepole, sauti ya mtu anayemsemesha ng'ombe ili asirushe teke. Naandika kwa Kiswahili, lakini hakuna neno lililonipita.

"Chrispinus. Sijawahi kukuita jina lako, na ni jina zuri. Pumua. Unajua mimi nilizaa nane? Nilizika watatu kabla sijafika miaka thelathini. Wa tatu nilimzika nikiwa na mimba ya wa nne. Pumua. Ulipomchukua Nekesa nikasema huyu hapana, huyu asome kwanza. Mimi ndiye nilimleta hapa kwa sindano. Mpaka leo, kila miezi mitatu. Yeye alitaka kuacha mwaka wa pili, alilia, nikamwambia ngoja umalize chuo. Akamaliza, nikamwambia ngoja upate kazi. Baadaye tukashindwa tutaachaje bila wewe kuuliza. Wewe ukawa unakunywa yale majani, na ndugu zako wanakucheka, na mimi nanyamaza. Pumua, mwanangu. Huna kasoro. Hujawahi kuwa na kasoro. Hata huyu daktari anajua. Ukiamka nitamwambia Nekesa aache sindano. Amka tu."

Wakati huo huo mtoto wa chumba chetu akatoka, Awinja akamsugua mgongo, akalia kwa nguvu zake zote.

Nilisikia yote. Ningeweza kuita kwa maneno mawili tu, "Mama, anasikia!" Mikono yangu ilikuwa na damu, mzazi alikuwa akivuja, lakini mdomo wangu ulikuwa mtupu. Nilijiambia kwamba nikisema hivyo, ataona aibu, ataangusha ambu na kukimbia, na kijana atakufa. Huenda ni kweli. Huenda pia nilinyamaza kwa sababu niliposikia "hata huyu daktari anajua", nilitaka sana kuamini kwamba yule kijana amelala. Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko nilivyosali mwaka huu, Mungu anisamehe, na bado sina jibu.

Nilikaa na yule mzazi dakika arobaini. Nilipotoka nyuma ya pazia, kifua cha Chrispinus kilikuwa kinapanda na kushuka vilevile, na Mama Navalayo jasho limemlowesha kitambaa cha kichwa. Ambulensi ilikuwa inaingia uani, Osiako akikimbia mbele yake huku amenyoosha mikono.

"Nani atabana njiani?" Mama Navalayo akaniuliza.

"Mimi."

Akanipa ambu kwa uangalifu, bila kupoteza pumzi moja. Kisha akanishika kiwiko. "Daktari, akiamka usimwambie ni mimi nilikuwa hapa. Atashindwa kuja nyumbani kwa aibu."

"Sitamwambia."

Tulifika mjini akiwa hai. Wenzangu wa ICU walimpokea, wakamweka kwenye mashine, wakampa dawa ya sumu, na jambo la kwanza walilofanya kabla ya yote ni kumpa dawa ya usingizi. Muuguzi mmoja alinitazama na kuuliza nilimpa nini njiani. Nikasema hali haikuruhusu. Siku ya nne alikuwa anapumua mwenyewe. Siku ya tisa akarudi nyumbani, na Osiako alizunguka soko zima la Malava akimtangaza.

Watu walinipongeza. Chifu alinitaja kwenye baraza. Mama Navalayo hakutajwa popote, kwa sababu hilo ndilo alilotaka. Alipokuja kuchukua dawa Jumanne iliyofuata, alikuwa amechangamka kama msichana. Aliniambia wamekubaliana na Nekesa: sindano basi. "Kufika Krismasi utasikia habari," akasema, akanikonyeza, mama wa kanisa mzima.

Wiki ya tatu Chrispinus alikuja. Alikuwa amekonda, na amebeba kuku, ingokho mwekundu mwenye afya, amefungwa miguu. Aliniwekea kuku chini ya meza na kuketi. Nikamwambia hakuna haja ya zawadi, niliifanya kazi yangu.

"Daktari, nilisikia," akasema.

Nikaiweka kalamu mezani.

"Nilisikia Osiako akilia. Nikasikia wewe ukimfokea mama. Nikasikia mtoto akilia hapo nyuma ya pazia, na wakati huohuo mama ananieleza kwa nini wangu hawalii." Hakuinua sauti hata kidogo. "Nilikuja kwako, daktari. Nilikaa kwa hii kiti. Ukaniambia nivumilie."

"Sikuwa na ruhusa ya kusema, Chrispinus. Sheria ya kazi yetu..."

"Najua. Nilifikiria hiyo nikiwa hospitali. Sikulaumu sana." Akatazama mikono yake. "Lakini kuna mahali pale nilitaka aache kubana. Nilijaribu kumwambia. Hata kidole hakikusonga. Akaendelea tu kuniambia pumua, pumua."

Nilianza habari za kuwapeleka mbele ya mchungaji, za Nekesa aliyelia mwaka wa pili, akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. Akaaga kwa adabu na kwenda. Mchana ule ningeweza kupanda pikipiki na kufika kwa Mama Navalayo kwa dakika ishirini, nikamwambia, Mama, jiandae, kijana anajua. Nilikaa kitini nikisema mambo ya nyumba ya watu hayanihusu. Nilikuwa nimeshahusika kwa miaka sita, lakini siku hiyo ndiyo niliyochagua kuwa na adabu.

Jumanne ya presha iliyofuata, kwa mara ya kwanza, Mama Navalayo alikuwa wa mwisho kwenye benchi. Nilimfunga kitambaa cha mashine mkononi. Ikasoma mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Nikampa kidonge palepale, nikamwambia atulie, nitampima tena. Akaanza kusema bila kuulizwa, macho yake yakiwa kwenye mashine.

"Alikuja mchana, wakati wa jua kali. Alikuwa na mbuzi. Nilipomwona kwa lango nikageukia upande wa zizi, kama kawaida, nikasema apite basi aweke mbuzi. Hakupita. Akasema kutoka pale, 'Mama, huyu mbuzi ni wa zile pumzi. Asante sana.' Nikashika mlango wa zizi, kwa sababu nilijua hakuna mtu alimwambia. Akasema, 'Nekesa ako njiani anakuja na masanduku yake. Sijampiga, sijamtusi. Aje akae na wewe, mpange vizuri.'"

Nilijifanya kurekebisha kitambaa cha mashine.

"Halafu akasema, 'Geuka uniangalie, mama. Sasa unaweza. Mimi si mkwe wako tena.'"

"Ukageuka?"

"Niligeuka. Ningefanya nini? Tukaangaliana." Akakaza leso kiunoni. "Daktari, huyo kijana ana macho mazuri. Miaka yote hiyo sikuwa nimeyaona."

Nje wagonjwa walikuwa wakiongea habari za bei ya sukari. Nilimpima tena, ikawa imeshuka kidogo tu. Nikaandika. Niliandika polepole sana, kwa sababu nilijua kilichokuwa kinakuja, na kikaja.

"Ile siku, mimi nilidhani amelala. Macho yalikuwa yamefungwa kabisa. Wewe ulijua anasikia?"

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mama yule alikuwa na haki ya kunipiga kofi, na ningelipokea. Kofi lingenisaidia.

"Sikujua, Mama," nikasema.

Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akaweka kiganja chake kikubwa juu ya mkono wangu.

"Basi usijilaumu, mwanangu," akasema. "Wewe hukujua."